Taarifa Zako Mtandaoni Ni Ulinzi wa Wanaokuamini

Biashara ya mazao katika Nyanda za Juu Kusini sasa hupitia kwa kiasi kikubwa kwenye simu. Mkulima wa viazi wa Uyole, mnunuzi wa parachichi aliyeko Njombe na mwenye mbao wa Mafinga hukutana katika makundi ya WhatsApp, na humo ndimo zinamowekwa picha za mzigo, namba za kupokelea fedha na, mara nyingine, picha ya kitambulisho cha Taifa ili kumtoa mnunuzi wasiwasi. Desturi hii ya kuweka picha ya kitambulisho inapaswa kuachwa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba. Kwa hiyo anayepata picha hiyo amepata kwa mara moja jina kamili, sura, tarehe ya kuzaliwa na namba inayotumika katika usajili wa laini. Wapo wanaoufanya mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya miamala ya simu, na kwao hatari ni kubwa zaidi. Viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa nao waache kusambaza katika kundi orodha ya wanachama yenye namba hizo. Kila mwananchi anaweza kupiga *106# kuangalia ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Utapeli unaotusumbua zaidi katika kazi yetu ya kuelimisha umma ni ule wa kuteka akaunti. Tapeli huingiza namba yako ya simu katika WhatsApp iliyo kwenye simu yake, na mfumo hutuma kwenye laini yako ujumbe wenye tarakimu sita za uthibitisho. Hana njia rahisi ya kuziona isipokuwa umsomee wewe mwenyewe, na ndiyo maana huja kwa sauti ya upole, mara nyingi akitumia akaunti ya mtu unayemfahamu ambaye ametekwa kabla yako: "Samahani mama, kuna namba nimezituma kwako kwa makosa, naomba unirudishie." Wengine husema wanakuunganisha na kamati ya harusi au kundi la kwaya. Ukizitoa, akaunti inahama. Mazungumzo yako ya zamani hayapati, lakini makundi yako yanamfungukia, naye huanza kuwaandikia ndugu na mweka hazina wa kikoba akiomba mkopo wa dharura kwa jina lako.

Anayepoteza fedha hapo ni yule aliyekuamini, ambaye hakukosea lolote. Kwa sababu hiyo nasihi kila mtu awashe uthibitishaji wa hatua mbili, unaopatikana katika mipangilio ya akaunti, achague namba ya siri isiyohusiana na tarehe ya kuzaliwa, na aweke barua pepe ya kumsaidia akiisahau. Vikundi navyo viweke utaratibu kwamba fedha haitoki mpaka mwombaji apigiwe kwa simu ya kawaida na sauti yake itambuliwe.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabu kuwa mkosaji anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu. Hata hivyo, sheria hufuata baada ya tukio, na fedha iliyotumwa hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Akaunti ikishatekwa, aibu isikunyamazishe, kwa kuwa kila saa ya ukimya ni nafasi ya tapeli kumfikia mtu mwingine. Wapigie mara moja viongozi wa makundi yako wakuondoe na kuwatahadharisha wanachama. Sajili upya namba yako katika WhatsApp kwa tarakimu mpya zitakazotumwa kwenye laini yako. Hatua hiyo humtoa tapeli. Iwapo ameweka namba yake ya siri, utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini hata yeye atakuwa nje. Ujumbe wa utapeli uliotumwa kwenye laini yako usiufute: upeleke namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma, kisha utoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe.