Paka hajaua noti zako

Juzi mpiga kinanda wa kanisa moja hapa Kondele, Kisumu, aliniwekea kinanda chake cha umeme mezani, noti tatu za katikati hazilii. Kabla sijashika bisibisi akanimalizia kazi: "Fundi, ni manyoya ya paka." Mwaka huu nimeambiwa hivyo mara nyingi mno, na kuna paka ambao wamefukuzwa nyumbani kwa kosa hilo. Inaniuma.

Nilikifungua mbele yake. Chini ya kila noti kuna kikombe cha mpira chenye vidonge viwili vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja kinagusa bodi kwanza, kingine kinafuata, na mashine inapima muda uliopita kati yao. Muda mfupi, umepiga kwa nguvu. Muda mrefu, umepiga kwa upole. Kwenye MIDI, lugha ambayo vinanda vya umeme huzungumza na kompyuta, hesabu hiyo inakuwa namba kutoka 1 hadi 127. Uzito wa kidole haupimwi hata kidogo, wala wa paka. Sasa kidonge kimoja kikichafuka, hesabu inavurugika: noti inanyamaza, au inapasuka kwa 127 hata ukiigusa kama yai. Watu hunijia na hiyo ya pili wakilaumu spika, wengine wameshanunua nyingine.

Nilikuta nini? Utando wa soda iliyokauka, vumbi, na mabawa ya wadudu wa ziwani. Mtu wa Kisumu anawajua: wanainuka ziwani kama moshi, wanafuata taa, na kinanda cha mkesha hukaa chini ya balbu usiku kucha. Manyoya yalikuwepo, machache, yamenasa kandokando. Hayakufika kwenye kaboni, kwa sababu kile kikombe kimefunika bodi kama bakuli lililopinduliwa. Pamba, spiriti safi, subiri pakauke. Noti zote tatu zikarudi.

Halafu kuna wale wa "paka wangu anapenda ohangla," ule muziki wa Kiluo, eti ndiyo maana analala juu ya kinanda. Mimi nasema anafuata joto. Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39, naye hustarehe penye nyuzi 30 na zaidi. Vinanda vya umeme vya zamani vyenye transfoma ndani hupata moto upande wa nyuma, na hapo ndipo anapojilaza. Na kuhusu muziki, mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwachezea paka 47 muziki uliotungwa kwa kufuata sauti zao wenyewe; waliujali kuliko muziki wetu. Lakini paka wangu hulala juu ya kinanda cha adapta ya nje, kilichozimwa tangu jana, baridi kabisa. Hapo hoja yangu ya joto inakwama. Nadhani anafuata harufu ya mikono yangu.

Cha kuogopa ni mkojo. Ukiingia ndani unakula shaba ya bodi, na ukingoja wiki nzima ndipo uniletee, sina la kukusaidia. Chomoa stima saa hiyohiyo, ukilete kikiwa bado kibichi. Na kama una kitoto cha paka kinachotafuna, inua nyaya za ukutani: hizo zina volti 240.

Yule wa Kondele nilimwambia atandike shuka ya pamba juu ya kinanda akishakizima, paka alale hapo, na soda ikae sakafuni. Amenitumia picha: shuka ipo, paka yupo, na chupa ya soda iko palepale juu ya spika.