Nati ya ekseli ya mbele na vumbi linaloificha

Pikipiki nyingi tunazozipokea gereji hapa Busia, upande wa Uganda, ni Bajaj Boxer na TVS za boda boda. Mwenye pikipiki atakuambia habari za breki, mnyororo, taa ya nyuma. Ekseli ya mbele, yaani ile fito ya chuma inayopita katikati ya gurudumu, hataitaja mpaka usukani uanze kumtetemekea mikononi, na kufikia hapo mara nyingi hasara imeshaingia.

Kazi ya nati ya ekseli ni kubana. Ukiikaza, ekseli inavutika na kurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na mvuto huo ndio unaoshikamanisha mguu wa shoku, bushi (bomba fupi la kujaza nafasi), ringi ya ndani ya beringi, paipu ya katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), beringi ya pili na mguu wa pili. Habu peke yake ndiyo inayobaki ikizunguka. Mbano ukipungua, kila shimo la barabara linaigonga ekseli ndani ya tundu lake, na kwa kuwa mguu wa shoku ni wa alumini, tundu ndilo linaloliwa kwanza. Likishapanuka, nati mpya haisaidii kitu. Unanunua mguu.

Kulegea huko kuna dalili, ila barabara zetu za maramu, zile za udongo mwekundu wenye changarawe, zinaificha. Chuma kinachosuguana na chuma kwa mitikisiko midogo hutoa unga mwekundu wa kutu, na unga huo unafanana kabisa na vumbi la njiani. Kwa hiyo usiangalie pikipiki ikiwa chafu. Chukua kitambaa chenye petroli, futa nati, washa (ile ringi bapa iliyo chini ya nati) na kichwa cha ekseli, kisha itazame sehemu washa inapokaa. Kama ilikuwa vumbi tu, utaona chuma chenye rangi yake ya kawaida. Kama nati ilikuwa inacheza, utaona duara linalong'aa kama limepigwa msasa, na baada ya siku chache za kazi ule wekundu utarudi pale pale kwenye ukingo wa washa wakati sehemu nyingine bado ni safi.

Baada ya kufuta, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka mbao chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Mtu mmoja ashike miguu ya shoku kwa nguvu, wewe shika tairi juu na chini ulitikise kulia na kushoto. Gurudumu likicheza na miguu imetulia, tatizo ni beringi au ekseli. Miguu ikienda pamoja na gurudumu, mbele na nyuma, hizo ni beringi za usukani, kazi nyingine kabisa. Nimeona watu wakiuziwa ekseli wakati kilicholegea ni usukani.

Ukifungua, usiigonge ekseli kwa nyundo moja kwa moja. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha, weka kipande cha mbao, ndipo ugonge. Ncha ikishavimba, nyuzi za kukazia nati zimekwisha. Ikitoka, ifute uiviringishe juu ya kioo. Ukiona mwanga unapita chini yake na kupotea, imepinda. Ekseli iliyopinda hainyooshwi, hata kama fundi wa kuchomelea anakuapia. Na ekseli ya kuchongwa kutoka kwenye nondo, mimi siifungi kwa mtu yeyote. Nondo si chuma cha kubeba mzigo huo, na boda ya hapa inabeba abiria wawili na gunia juu.

Nati yenye nailoni ndani ina kipimo chepesi: ikipita kwenye nyuzi kwa vidole tu mpaka mwisho, nailoni imechoka, itupe. Ile yenye meno juu na pini inayopita katikati ina sheria yake. Tundu lisipolingana baada ya kukaza, unaongeza kidogo mpaka meno yanayofuata, usirudi nyuma kamwe. Pini haitumiki mara mbili. Vipande vya spoki ya baiskeli na misumari ninayovikuta humo ningeweza kufungulia duka.

Wakati wa kurudisha, hakikisha ile paipu ya katikati ya habu imo. Mafundi wa haraka huisahau wakibadilisha beringi. Bila hiyo, kila unapokaza nati unazisukuma ringi za ndani za beringi zielekeane, na beringi mpya inakufa mapema huku ukilaumu aliyekuuzia. Paka grisi nyembamba kwenye mwili wa ekseli, nyuzi ziache safi na kavu. Kiasi cha kukaza kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Usikisie kwa spana iliyoongezewa paipu, maana ekseli iliyovutwa kupita kiasi hairudi urefu wake na haibani tena.

Pikipiki za mashambani na za mashirika, kama Honda XL, zinabana ekseli kwa kishikio chenye nati nne ndogo chini ya mguu. Kishikio kina mshale na neno UP: mshale unaelekea juu, nati za juu zinakazwa kwanza mpaka mwisho, kisha za chini. Upenyo mdogo utakaobaki chini ndivyo ulivyokusudiwa, usiulazimishe ufunge. Kabla ya kukaza hizo nne, kaza ekseli yenyewe, teremsha pikipiki, shika breki ya mbele na uisukume shoku chini mara kadhaa ili mguu ujipatie nafasi yake.

Kwa Boxer ya breki ya drami kuna jambo moja la kutazama kabla mwenyewe hajawasha. Sahani ya breki, ile inayofunika habu na kubeba breki ndani yake, ina mfereji, na mguu wa shoku una ulimi unaoingia humo. Ulimi ukibaki nje, nati itakazika vizuri kabisa na gurudumu litazunguka bila kelele. Siku atakapobana breki, sahani yote itazunguka pamoja na gurudumu, ivute waya, gurudumu lifunge ghafla. Ingiza kidole nyuma ya mguu uuguse ulimi ukiwa ndani ya mfereji, ndipo umpe funguo.