Pingili ni nini?

Pingili ni kipande cha shina kinachokatwa kwenye mmea ili kiote kiwe mmea mwingine. Huku Mtwara na Lindi tunaijua tangu shambani: muhogo hatupandi punje, tunakata mti wake vipande vya sentimita 20 hadi 30, tunavifukia, na bado tunaviita mbegu. Tofauti na kubebesha, kama inavyofanywa kwa mikorosho: kule kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti mwingine, huungwa juu ya mche wenye mizizi tayari. Pingili hujitafutia mizizi yenyewe.

Kwa maua ya ndani, chunguza kwanza kifundo, pale jani linaposhikana na shina. Lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, pitisha kidole kwenye mtambaa wake: kila kifundo kina kijipele cha kahawia. Huo ni mzizi unaosubiri. Kata chini yake kidogo. Niliwahi kupewa jani moja zuri lisilo na kifundo, nikalitia kwenye glasi dirishani. Likatoa mizizi, likakaa kijani miezi mingi, lakini halikuchipua kamwe, maana jicho la kuchipulia lilibaki kwa mama yake. Iliniuma, nilikuwa nalitazama kila asubuhi.

Maji nayapenda kwa kuwa unaona kinachoendelea. Toa majani yatakayozama, yataoza. Badilisha maji kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa sababu yakisimama huishiwa hewa, na mizizi nayo inahitaji hewa. Kwenye joto la Desemba wiki mbili hivi zinatosha kuiona. Wakati wa kipupwe huchelewa. Ikifika sentimita 3 hadi 5, hamisha. Mizizi ya majini ni laini, ukiiacha irefuke sana hukatika udongoni na mmea ukanyong'onyea. Wiki mbili za mwanzo udongo usikauke.

Ukianzia udongoni hutaona kitu, ila mizizi itazaliwa palepale itakapoishi. Changanya mchanga na mboji, toboa kopo chini, kisha ifunike pingili kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kivulini.

Mmea wa majani marefu kama upanga huota hata kwa kipande cha jani. Kiache kikauke jeraha siku mbili tatu, na upande uliokuwa chini ubaki chini; ukikigeuza hakioti. Wenye kingo za njano, ukiuotesha kwa jani, huzaa watoto wa kijani kitupu. Ukitaka njano, gawa shina lake lililo chini ya udongo.