Jarida lenu lipo mtandaoni, ila nani analiona?

Mimi kazi yangu ni kusaidia wahariri wa majarida ya kitaaluma hapa Dodoma kuhamia mtandaoni, na lalamiko ninalokutana nalo sana ni hili: tumeshaweka kila kitu kwenye tovuti, mbona hatunukuliwi? Haya, nafungua hiyo tovuti nakuta toleo zima la kurasa mia na kitu limeskaniwa likawa PDF moja, faili linaitwa "toleo final mwisho 2", ukijaribu kuhailaiti hata neno moja haliguswi maana zile ni picha tu.

Google Scholar, ile sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, wana masharti yao na wameyaweka wazi. Wanataka maandishi yanayosachika, kila makala iwe na faili lake lisilozidi MB 5, kichwa cha makala kiwe na fonti kubwa ya kuanzia pointi 24, majina ya waandishi yakae karibu yake kwa fonti ndogo kidogo. Ukipuuza, mashine inakisia. Nimeshaona makala ambayo mwandishi wake kule Scholar anaitwa "Idara ya Elimu", kisa hayo ndo maneno yaliyokuwa yamekolezwa pale juu, mhadhiri wa watu anasotea kupanda cheo huku kazi yake imeandikwa idara!

Zamani mpiga chapa akishaleta maboksi kazi imeisha, waandishi wanapewa nakala zao, maktaba inapata zake, zinazobaki zinalala stoo. Saivi OJS, programu ya kuendeshea jarida mtandaoni ya wale Public Knowledge Project wa Kanada, unaipata bure, ila kazi iliyokuwa kwa mpiga chapa imehamia kwa yule anayekaa kujaza taarifa za kila makala, jina la mwandishi, ikisiri, lugha, marejeo, na kwa ofisi nyingi huyo mtu hayupo au ni kijana wa field anayeondoka baada ya miezi miwili. Na OJS usipoiapdeti, jua wahuni wataingia, unafungua jarida la sayansi unakutana na matangazo ya kubeti.

Halafu kuna DOI, ile namba ya kudumu ya makala inayoanza na 10. Chuo kikibadilisha tovuti (na zinabadilishwa mno) linki zote zilizoko kwenye tasnifu za watu zinakufa siku hiyohiyo. Ukiwa na DOI unaingia Crossref, shirika linalosajili hizo namba, unabadilisha anwani tu, namba inabaki ileile na aliyekunukuu zamani bado anafika. Wahariri wengi wanaogopa ada, ila tangu Januari 2023 Crossref wana mpango unaitwa GEM, nchi zilizomo hazilipi ada ya mwaka wala ya kusajili makala, na Tanzania imo. Naingia ofisini kwa watu nawaeleza hili, wananiangalia kama machinga wa soksi. Kama jarida lenu liko AJOL, ile tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, cheki kwanza, makala nyingi kule zina DOI tayari zinazoanza na 10.4314, msije mkasajili upya makala moja ikawa na namba mbili.

Ila DOI sio muhuri wa ubora jamani. Majarida ya kitapeli nayo yanazo, yale yanayokutumia imeili yanakuita Profesa wakati hata PhD hujamaliza, unatuma makala Jumatatu, Alhamisi imeshapita na invoisi juu. Kulipisha peke yake sio utapeli, jarida kubwa la sayansi la Nature lenyewe lilitangaza euro 9,500 kwa makala moja ya kusomwa bure na kila mtu kuanzia 2021. Cha kuangalia ni nani aliyeipitia makala na alisema nini. Mi huwa naanzia DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure iliyopo tangu 2003, jarida lisipokuwemo haimaanishi ni bovu ila maswali yanaongezeka.

Kuhusu matoleo ya zamani yaliyoko kabatini, msianze nayo. Anzeni na toleo linalokuja, lipangeni vizuri toka kwenye Word, hayo mengine mtayakata makala moja moja mkipata mtu wa kukaa nayo.