Uzi wa mianzi: maneno ya sokoni na ukweli wake

Mafundi wa Bukavu wanaofuma shali, kofia na nguo za watoto wachanga, kwa sindano au kwa kroshe, wameletewa uzi wa mianzi ukiwa na sifa tele. Baadhi ni zake kweli. Nyingine ni za mmea wenyewe, na wauzaji wameuvisha uzi.

"Ni nyuzi za mwanzi zilizosokotwa, kama katani."

Karibu kila kidonge cha uzi kinachouzwa kwa jina hilo ni viskozi. Mwanzi hukatwakatwa na kupikwa mpaka ubaki rojo la selulosi, yaani kile kinachounda nyuzi za mmea. Rojo hulowekwa kwenye soda kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, kisha hutiwa kaboni disulfidi na kuyeyushwa kuwa uji mzito. Uji husukumwa kupitia matundu membamba mno hadi ndani ya asidi ya sulfuriki, na humo huganda kuwa nyuzi. Njia hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1892, kwa majina ya Cross, Bevan na Beadle, na hufanya kazi vilevile kwa mkaratusi au msonobari. Ikishatoka kiwandani, viskozi ya mwanzi na ya mkaratusi huwezi kuzitofautisha.

Uzi wa mwanzi uliopondwa na kuchambuliwa bila kuyeyushwa upo, ila ni adimu, ni ghali, na mguso wake ni mkavu kama kitani. Kidonge laini kinachong'aa kama hariri si huo.

"Unaua bakteria."

Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) imelifuatilia dai hili tangu 2009. Mwaka 2010 ilituma barua za onyo kwa wauzaji 78, na mwaka 2022 maduka makubwa ya Kohl's na Walmart yalikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuiita viskozi mwanzi na kuisifu kwa mazingira. Chochote ambacho mmea ulikuwa nacho dhidi ya vijidudu hakivuki soda na asidi. Ngozi ya mtoto inafaidika kwa sababu nyingine: nyuzi hizi ni laini, haziwashi kama sufu yenye nyuzi nene, na hunyonya jasho kuliko pamba.

"Mwanzi hukua haraka, kwa hiyo uzi wake ni safi."

Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwanzi ni nyasi: unakata shina lililokomaa, la miaka 3 hadi 5, mizizi inabaki na kuchipua upya bila jembe. Anayeishi chini ya vilima vya Bukavu anajua thamani ya mizizi inayoshika udongo msimu wa mvua.

Uchafu uko kiwandani. Kaboni disulfidi hudhuru neva za wafanyakazi wanaoivuta, na maji ya kiwanda kisichosafisha huishia mtoni. Viwanda bora huikamata gesi na kuirudisha kazini, vibaya huiachia. Liosel, selulosi inayoyeyushwa bila kaboni disulfidi, ni bora zaidi, kwani kiyeyushi chake hurudishwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo kwenye etiketi neno la kutafuta ni "lyocell", na "bambou" (mwanzi kwa Kifaransa) peke yake haitoshi. Tena, cheti cha Oeko-Tex Standard 100 kinapima sumu katika uzi uliokamilika tu. Msitu uliotoa malighafi unahusu cheti cha FSC.

Na wanaodhani mianzi ya Kahuzi-Biega ingetupatia uzi wetu: ile iko ndani ya hifadhi, machipukizi yake ni chakula cha gorila, na bila kiwanda cha rojo la selulosi fundi ataambulia vikapu tu.

"Nguo yake inavumilia kila kitu."

Hapa ndipo hasara za mafundi zinapoanzia. Viskozi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Ukiikamua kwa kuisokota, nyuzi zinakatika ndani na nguo inatoka manyoya. Fua kwa maji ya uvuguvugu, ikandamize ndani ya taulo, kisha ilaze bapa kivulini. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji unaivuta na haitarudi.

Uzi huu hauna mnyumbuko wa sufu. Mbavu, ile mistari inayonyumbuka ya ukingo wa kofia au wa mkono wa sweta, hulegea mapema. Zifume kwa sindano ndogo kwa milimita 1, au chagua uzi uliochanganywa na sufu. Kabla ya kuanza nguo, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, kisha kitundike usiku kucha kwa vibanio na ukipime asubuhi. Kikirefuka, punguza nusu milimita kwenye sindano. Nyuzi huteleza, hivyo acha mkia wa sentimita 15 na uupitishe kwenye mishono kwa kugeuza njia mara tatu. Sindano za chuma huachia mishono ovyo. Za mwanzi huishika vizuri, na hapo mwanzi unastahili sifa zote.

"Gramu 50 ni gramu 50."

Viskozi ni nzito kuliko akriliki, uzi wa plastiki, kwa zaidi ya robo, unene ukiwa sawa. Kidonge cha uzito uleule kina mita chache, kwa hiyo nunua kwa mita.

"Kilichoandikwa bambou hakiwezi kuwa plastiki."

Kata sentimita 5 za uzi, zishike kwa koleo juu ya sahani ya chuma, uwashe. Viskozi huwaka haraka, hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Akriliki huyeyuka, hutoa harufu kali na kuacha tone gumu jeusi. Uzi wa mchanganyiko huacha vyote viwili: masalio yakishapoa, yasugue kati ya vidole, vichembe vigumu utavihisi ndani ya majivu. Jaribio hili halitenganishi mwanzi na pamba wala na mkaratusi.