Kabla ya kuuliza dawa ya magugu, tazama maji

Wakulima wengi wa mpunga huniuliza wapulizie dawa gani. Mimi huwauliza kwanza habari za maji: yanatuama, yanakuja na kukauka, au shamba linategemea mvua tu? Nikishajibiwa, nusu ya magugu nimeshayajua kabla sijafika shambani.

Jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo, likishika maji ya sentimita 5 hadi 10 mara miche inapokamata, mbegu nyingi za nyasi na ndago hukosa hewa, hazioti. Mpunga hausumbuki, maana una mirija inayoshusha hewa hadi mizizini. Ila jaruba lazima liwe limesawazishwa. Kila kinundu kinachochomoza juu ya maji ni kitalu cha magugu. Mpunga pori unaotambaa kwa mashina ya chini ya ardhi haujali maji hata kidogo. Huo ni wa kuchimbua wakati wa kutayarisha shamba.

Kilimo shadidi, yaani kupandikiza miche michanga kwa nafasi na kulowesha shamba kisha kulikausha kwa zamu, huokoa maji, lakini kila udongo unapopata hewa, magugu mapya huota. Anayelowesha na kukausha bila kupitisha kipalizi cha kusukuma kuanzia siku ya 10 hivi baada ya kupandikiza, kwa maoni yangu, bora angeacha.

Lakini mfano ninaoupenda uko Kyela, wilaya ya mkoa wa Mbeya, Tanzania. Kwenye ardhi ya juu isiyotuamisha maji, adui ni kiduha, yaani Striga asiatica, kinachonyonya mizizi ya mpunga. Ukishuka bondeni humkuti tena, kwa sababu hastahimili udongo uliojaa maji. Huko yupo mnyonyaji mwingine, Rhamphicarpa fistulosa, ambaye wenyeji humwita mbosyo. Huyu hupenda unyevu, na hata asipopata mpunga wa kunyonya huishi na kutoa mbegu.

Majaribio yaliyofanywa Kyela yalionyesha jambo ambalo vipeperushi vyetu bado havilisemi: bondeni, kuwahi kupanda hupunguza madhara ya mbosyo; juu, kuchelewa kidogo ndiko kunakopunguza kiduha. Kwa hiyo "panda mapema" ikitangazwa kijiji kizima, wa bondeni ananufaika na wa juu anaweza kuumia. Naye wa juu akichelewa, achague mbegu ya muda mfupi, la sivyo mvua zitakatika mpunga ukiwa ndio kwanza unachanua.