Kiboko si uimarishaji hasi

Kosa lilelile limerudi tena, safari hii kwenye maandalio ya somo: "Uimarishaji hasi, kwa mfano kumchapa mwanafunzi aliyechelewa." Hapana. Kuchapa ni adhabu.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani hasi ni ubaya: mtazamo hasi, maneno hasi. Kwenye saikolojia ni hasi ya hesabu, alama ya kutoa. Chanya, kitu kimeongezwa. Hasi, kitu kimeondolewa. Na uimarishaji maana yake tendo litazidi kurudiwa, wakati adhabu hulipunguza. Kwa hiyo uimarishaji hasi ni tendo kuongezeka kwa sababu limeondoa kero. Unameza dawa, kichwa kinaacha kugonga. Kikigonga tena unaitafuta dawa ileile. Hakuna aliyechapwa hapo. Nikiri kwamba Skinner mwenyewe, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeijenga nadharia hii, katika maandishi yake ya 1938, alilitumia jina hili kwa maana inayokaribia adhabu. Kufikia 1953 alikuwa amesharekebisha. Sisi bado.

Tazama mkanda wa gari. Usipoufunga gari linalia, ukiufunga linanyamaza, nawe unaanza kuufunga mapema. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini kinachoimarika ni tendo lolote linalokata mlio. Dereva anayepitisha mkanda nyuma ya mgongo na kuuchomeka kwenye kifungio naye amekata mlio. Amejifunza vizuri kabisa, ila jambo jingine, na siku ya ajali mkanda huo haumshiki.

Sasa njoo sebuleni. Mtoto wa miaka 3 anataka simu, mama amekataa. Mtoto analia, anajitupa chini, anapiga miguu sakafuni. Mama anampa simu, kimya. Hapo wamejifunza wawili kwa mpigo. Mtoto kapata simu, chanya, na kulia kumeimarika. Mama kaondolewa kelele, hasi, na kutoa simu kumeimarika. Kesho mkono wake utakuwa mwepesi zaidi. Wanaomwita mama huyo dhaifu hawajaangalia kinachomfundisha.

Kama utampa simu, mpe kabla hajaanza kulia, au pale anapoomba kwa maneno. Kama hutampa, sema mara moja, kaa karibu naye, usihubiri. Kilio huweza kupanda kwanza kabla ya kushuka, na ndipo wengi wanaposalimu amri. Ukitoa simu wakati huo umemfundisha kwamba kosa lake lilikuwa kulia kwa sauti ndogo. Na usijifariji kwamba unampa mara mojamoja tu. Tabia inayolipwa leo, kesho isilipwe, keshokutwa ilipwe tena, huchelewa kuzimika kuliko ile iliyolipwa kila mara. Skinner na mwenzake Ferster walijaza kitabu kizima mwaka 1957 kuhusu ratiba za malipo ya namna hiyo. Kwa hiyo nyumba nzima ikubaliane kwanza, bibi akiwemo. Mtoto mwenye njaa, usingizi au homa ni habari nyingine. Huyo halilii simu, mhudumie.

Mpaka kati ya chanya na hasi wenyewe si imara kama vitabu vya kiada vinavyouchora. Mchana wa Januari Dar es Salaam unawasha feni. Umeongeza upepo au umeondoa joto? Mwanasaikolojia Jack Michael aliandika mwaka 1975 kwamba tofauti hiyo haina haja tena, na kwa feni sioni jibu la kumpinga. Naendelea kuitumia kwa sababu ya yule mama: bila neno hasi, nusu ya kinachotokea sebuleni haionekani. Lakini mjadala huo haugusi tofauti ya uimarishaji na adhabu hata kidogo. Tendo limezidi au limepungua? Hesabu.

Na anayeng'ang'ania kutafuta uimarishaji hasi kwenye kiboko, atazame getini saa 1:15 asubuhi. Mwanafunzi aliyechelewa anamwona mwalimu wa zamu na fimbo mkononi, anageuza, anapita nyuma ya maduka, anarudi nyumbani. Fimbo ameikwepa. Kilichoimarishwa ni utoro.